Kampo: mitishamba inayoandikiwa cheti na daktari

Ukisikia mitishamba ya Japani, usimfikirie mzee wa mlimani mwenye kibuyu. Kampo huandikwa na daktari yuleyule anayeandika antibayotiki, na bima ya afya ya taifa hulipia michanganyiko 148. Mgonjwa hupewa vipakiti vya chembechembe za rangi ya udongo, kila mchanganyiko na namba yake. Kwenye vipakiti vya Tsumura, kampuni iliyoanzishwa 1893, namba 1 ni kakkonto, dawa ya mafua yanapoanza tu, shingo imekaza na jasho bado halijatoka. Ndani yake mna mzizi wa mmea uitwao kuzu, efedra (kijiti cha dawa), mzizi wa ua la peoni, kanzo (mzizi mtamu), kunazi za Kichina, mdalasini na tangawizi. Hivyo viwili vya mwisho hata sisi tunatilia chai.

Asili yake ni China, lakini Wajapani wameongeza mkono wao, tena nasema mkono hasa. Mgonjwa hulala chali, miguu ameinyoosha, daktari akalibonyeza tumbo taratibu kutafuta panapokaza na palipolegea. Yoshimasu Todo, tabibu wa karne ya 18, alilishikilia sana jambo hili. Ndiyo maana watu wawili wenye mafua yaleyale hutoka na dawa tofauti: mwenye nguvu asiyetoka jasho hupewa maoto, mnyonge anayetoka jasho hupewa keishito.

Serikali ya Meiji, iliyoielekeza Japani kwenye mambo ya Kimagharibi mwishoni mwa karne ya 19, ilitaka kuizika kampo. Kwa kanuni za 1883 leseni ya udaktari ilidai mtihani wa tiba ya Kimagharibi, na mwaka 1895 bunge likakataa mswada wa kuwaokoa matabibu wa kampo. Kwa maoni yangu pigo hilo ndilo lililoipa heshima iliyo nayo leo. Iliporudi kwa kishindo kwenye bima mwaka 1976, ilirudi mikononi mwa watu waliosoma moyo, figo na vipimo vya damu.

Na ndiyo maana madhara yake huandikwa. Shosaikoto, mchanganyiko mwingine wa kampo, iligawiwa kwa wingi kwa wagonjwa wa homa ya ini, kisha baadhi yao wakavimba mapafu. Mwaka 1996 wizara ya afya ilitangaza kwamba watu 10 walikuwa wamekufa, na onyo kali likatolewa. Wapo wanaoitumia habari hii kuikejeli kampo. Mimi inanipa imani nayo, kwa sababu dawa ambayo hakuna anayehesabu waliodhurika nayo ndiyo ninayoiogopa, na anayeniambia “ni majani tu, hayana madhara” simnunulii kitu.

Kwa hiyo ukiletewa kakkonto na ndugu aliyetoka Tokyo, nawe una presha, usiinywe kabla ya kumwuliza daktari. Efedra hupandisha presha na kuuendesha moyo mbio. Kanzo ikizidi hupunguza potasiamu mwilini na kuvimbisha miguu.