Mguu wa kuku wa mtumba ndani ya gari: Tokarev, Makarov au CZ 82?

Grisi ilikuwa ya rangi ya asali, imeganda kwenye kila tundu la chuma. Kijana alitandika gazeti juu ya meza yangu ya jikoni, akafunua karatasi ya nta, na bastola ya Tokarev ya Romania iliyoundwa mwaka 1953 ikalala mbele yetu. Yeye ni mtoto wa Bukavu. Aliingia Marekani na wazazi wake kama wakimbizi, sasa ana kadi ya kijani (kibali cha kuishi hapa moja kwa moja), ana miaka 24, na usiku anasambaza vifurushi kwa gari lake hapa Houston. Mwenzake alinyang'anywa gari kwenye kituo cha mafuta, na tangu siku hiyo usingizi wake umekuwa wa mang'amung'amu.

"Kaka mkubwa," akaniambia, "jamaa ananiachia hii kwa bei poa. Mwingine ana Makarov, na dukani nimeona CZ 82. Nichukue ipi niweke garini?"

Si wa kwanza kuniuliza, na swali lake ni la haki. Mtu aliyekimbia watu wenye bunduki akiwa mtoto hahitaji kuhutubiwa kuhusu hofu. Anahitaji jibu.

Kinachowavuta watu kwenye mitumba ya jeshi kinaeleweka. Vita Baridi vilipokwisha, maghala ya Ulaya Mashariki yalifunguliwa, na miaka ya 1990 na 2000 bastola hizi zilimwagika Marekani kwa chini ya dola 200. Ni chuma kitupu, vipuri vichache, na zimeundwa ili askari asiye na uzoefu azifungue na kuzisafisha bila kupoteza kitu. Wengi wetu pia tulishaziona nyumbani kwenye viuno vya maafisa, kwa hiyo macho yamezizoea. Anayezitetea akisema silaha iliyopita jeshini imekwisha kujaribiwa, ana hoja. Tatizo ni kwamba ilijaribiwa kwa kazi ya jeshi. Mtu aliyekaa kwenye kiti, amefunga mkanda, mkono mmoja uko kwenye usukani, ana kazi nyingine kabisa.

Tokarev ndiyo inayoonyesha hilo wazi zaidi. TT-33, jina lake la kijeshi, ni nyembamba, ina risasi 8, na risasi zake za 7.62x25 (upana wa risasi na urefu wa ganda kwa milimita) ni za kasi kubwa, zaidi ya mita 400 kwa sekunde. Wanaoisifu huanzia hapo: inapenya. Lakini risasi ya kawaida ya kijeshi, iliyofunikwa shaba mwili mzima, ikimpita unayemlenga itaendelea hadi kwenye gari la pili, na kituo cha mafuta cha Houston saa nne usiku kina watoto kwenye viti vya nyuma. Halafu kuna usalama wake. Mrusi aliiunda bila kitasa cha usalama. Kuna tu nafasi ya nyundo, kipande kinachopiga pini ya kulipua risasi, kusimama nusu. Zinazoingizwa Marekani kihalali huongezewa kitasa, kwa sababu kanuni za uagizaji zilizotokana na sheria ya silaha ya mwaka 1968 zinadai hivyo, na kwa kawaida kitasa hicho huzuia triga peke yake. Kilicho ndani hakijabadilika. Njia ya uhakika ya kuibeba ni chemba, tundu la risasi nyuma ya mtutu, iwe tupu, kisha uikoki unapoihitaji, yaani uvute chuma cha juu nyuma risasi iingie. Kukoki kunataka mikono miwili, na dereva hana mikono miwili ya ziada.

Makarov ilizaliwa kuondoa kasoro hizo. Jeshi la Kisovieti liliipokea mwaka 1951: risasi 8 za 9x18, uzito wa gramu 730 hivi, mtutu umekazwa kwenye fremu na kwa hiyo inalenga vizuri kuliko umbo lake linavyoahidi. La maana zaidi kwa dereva ni kwamba ukipandisha kitasa cha usalama, nyundo hushuka yenyewe bila kugusa pini. Unaweza kuibeba ikiwa na risasi chembani, nyundo imelala, na risasi ya kwanza ukaitoa kwa kuvuta triga tu, mvuto mrefu na mzito ambao haufanyiki kwa bahati mbaya. Hasara zake ni risasi isiyo na nguvu kubwa, mpini mnene, na kibanio cha magazini (kisanduku cha risasi) kilicho chini ya mpini huo, kinachofanya kubadilisha magazini kuwe kwa mkono wa pili na kwa taratibu.

CZ 82 ya Chekoslovakia inatumia risasi hizohizo, ila inabeba 12 badala ya 8, na kitasa chake cha usalama kiko pande zote mbili, neema kwa anayetumia mkono wa kushoto. Mikononi mwangu triga yake ni laini kuliko ya Makarov. Lakini kitasa chake hakishushi nyundo. Ukitaka nyundo ilale juu ya chemba yenye risasi, uishushe kwa kidole gumba huku umebonyeza triga. Fikiria mtu aliyechoka akifanya hivyo kila siku ndani ya gari, saa kumi na moja alfajiri baada ya zamu. Siku moja kidole kitateleza. Kwa hiyo, ingawa kwa karatasi CZ 82 ndiyo bora, mimi kati ya hizi tatu ningechukua Makarov.

Nyingine nazipita haraka. CZ 52 ina pini inayojulikana kwa kuvunjika, na nyingi zimezeeka kiasi kwamba kitasa cha kushushia nyundo si cha kuamini chemba ikiwa na risasi. Rivolva ya Nagant ya mwaka 1895 ina triga nzito ya kuchosha kidole na hujazwa risasi mojamoja. Anayependa vya zamani atatendewa vyema zaidi na rivolva za .38 zilizostaafu polisi wa Marekani, zisizo na kitasa cha kusahau.

Sasa risasi. Wengi husikia "tisa" wakadhani tisa zote ni moja. Risasi ya Makarov ni pana kidogo kuliko 9x19 iliyojaa kila duka, na hazibadilishani. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilibana vibali vya kuingiza risasi kutoka Urusi, chanzo kikubwa cha 9x18 za bei rahisi. Bado zipo, lakini ni ghali kuliko 9x19, na mtu akiona bei huacha kufanya mazoezi. Risasi za zamani za Tokarev kutoka maghalani zina chumvi inayotafuna mtutu usiposafishwa mapema.

Uzee wenyewe nao una bei. Tulipoifungua ile Tokarev, nilisukuma kijiti cha pamba kwenye njia ya pini, kikatoka kimebeba donge la grisi ngumu kama sabuni. Bastola ya hivyo ikikaa kwenye gari lililoegeshwa jua la Agosti la Texas, grisi huyeyuka na kuzoa vumbi. Baridi ya Minneapolis ikiikuta, pini inakwama. Springi za miaka sabini hubadilishwa, hazibembelezwi. Ukijumlisha springi, risasi ghali na ala (mfuko wa kubebea bastola) ya kutafuta kwa tochi, ile bei poa imeisha. Leo Makarov nzuri ya Bulgaria au Ujerumani Mashariki mara nyingi inauzwa ghali kuliko bastola mpya ya bei nafuu ya 9x19 yenye kizuizi cha ndani kinachoizuia isifyatuke ikianguka. Mwaka 2003 hoja ya mtumba ilikuwa na uzito. Sasa imebaki kwa mkusanyaji, na kwa aliyerithi.

Lakini chuma ni sehemu ndogo ya jambo hili. Kubwa ni gari, na sheria inayolifuata gari kila linapovuka mpaka wa jimbo.

Texas ni jimbo la ruhusa. Tangu mwaka 2007 mtu asiyezuiwa na sheria anaweza kuwa na bastola ndani ya gari lake bila leseni, ilimradi isionekane, na tangu 2021 inaweza kuonekana ikiwa kwenye ala. Mwaka huohuo wa 2007 Texas ilipanua pia kinga ya anayejilinda dhidi ya mtu anayemvamia kwa nguvu ndani ya gari lake. Anayetetea bastola ya garini ana sheria hizo mkononi, na si haba. Ila ukienda na bastola ileile hadi New Jersey bila kibali cha huko, ni kosa la jinai. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamlinda mpita njia, lakini silaha iwe haina risasi na isifikike, na kama gari halina buti, iwe kwenye sanduku lililofungwa kwa kufuli ambalo si droo ya dashibodi. Bastola ya namna hiyo haikulindi na mtu yeyote dirishani.

Kwetu sisi wageni kuna la ziada. Aliye hapa kwa viza ya muda, ya masomo au ya matembezi, kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni ya uwindaji. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa, lakini akitiwa hatiani kwa kosa la silaha anaweza kufukuzwa nchini. Mzaliwa wa hapa akikosea atalipa faini au atafungwa, kisha atarudi kwake. Huyu kijana "kwake" ni Bukavu. Mwajiri naye ana kanuni: Uber na Lyft, kwa mfano, zinakataza dereva kubeba silaha akiwa kazini.

Kuna pia jina ambalo kila dereva mweusi anapaswa kulijua: Philando Castile. Julai 2016, Falcon Heights, Minnesota, polisi alimsimamisha. Castile alikuwa na kibali cha kubeba silaha, na kwa adabu akamwambia askari kwamba anayo. Alipigwa risasi akafa, akiwa amefunga mkanda, mchumba wake pembeni, mtoto wa miaka minne kiti cha nyuma. Mwaka 2017 askari yule alionekana hana hatia. Sisemi hili kumzuia mtu haki yake. Ila katika kupima, kundi la watu watakaokusimamisha usiku lina polisi wengi kuliko majambazi, na bastola iko nawe mbele ya wote.

Kuna na wizi. Bastola iliyoachwa chini ya kiti wakati unapeleka kifurushi ghorofa ya tatu ni bastola ya mwizi wa vioo. Colorado tangu Januari 2025 inadai ifungiwe kwenye sanduku gumu ukiondoka garini. Nakubaliana nao. Anayebeba, abebe mwilini.

Hapo ndipo nilipomchukua kijana hadi kwenye gari lake, na Makarov yangu tupu, chemba tumeikagua wote wawili. Kule Kenya au Tanzania dereva hukaa kulia na kifungo cha mkanda kiko nyonga ya kushoto. Hapa anakaa kushoto, kifungo kiko nyonga ya kulia, palepale anapobeba bastola mtu wa mkono wa kulia. Nilimwambia afunge mkanda, ashike usukani, kisha aitoe. Alijaribu mara tano. Mara tatu pindo la shati lilinaswa kwenye kifungo, na mara moja mtutu ulipita juu ya paja lake mwenyewe. Kisha nikamwambia afanye lingine: aache nafasi ya kutosha mbele yake kama yuko kwenye taa nyekundu, na nikigonga kioo akanyage mafuta akate kona. Lilimchukua sekunde mbili.

Tokarev tumeirudisha kwa mwenyewe, imesafishwa, kwenye karatasi mpya. Makarov hajanunua. Anajaza tangi mchana siku hizi, na Jumamosi ijayo tunakwenda pamoja kiwanja cha shabaha akajifunze kwa bastola ya kukodi kabla hajatoa hela yake.