Kijiji kimechimba vyoo, majitaka ni ya nani?

Bwana afya anayekuja kufanya uchefuaji, yaani kuwatia watu kinyaa na aibu ya kujisaidia ovyo mpaka wachimbe vyoo wenyewe, hashushi hata mfuko mmoja wa saruji. Anawakusanya watu chini ya mti, anawaomba wachore ramani ya kijiji mavumbini kwa majivu, kila mmoja aonyeshe nyumba yake na kichaka anakojisaidia. Kisha msafara unakwenda kwenye vichaka vyenyewe. Unywele uliogusishwa kinyesi unachovywa kwenye glasi ya maji, na watu wanaulizwa nani atakunywa. Hakuna anayekunywa. Ndipo bwana afya anauliza: inzi ana miguu mingapi, na jana alitua kwenye sahani ya nani?

Mbinu hii ilianzia kijiji cha Mosmoil, Rajshahi, nchini Bangladesh, mwishoni mwa 1999. Kamal Kar, mtaalamu kutoka India, aliitwa kutathmini mradi wa vyoo vya ruzuku, akashauri ruzuku iachwe na wanakijiji waachiwe wajipime wenyewe. Kenya iliipokea 2007 ikianzia Kilifi. Tanzania, kwa kweli, haikuwa ngeni kwa wazo lenyewe: mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwaweka watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vikachimbwa kwa mamia ya maelfu bila kumsubiri mfadhili.

Wanaoitetea njia hii wana ushahidi. Utafiti uliofanyika katika wilaya 10 za Tanzania ulipanga kwa kura kata zipi zipate kampeni na zipi zisubiri. Mwishowe, waliokiri kujisaidia ovyo walikuwa takriban 23 katika kila 100 kule kusikofikiwa, na 11 kulikofikiwa. Hayo ni mageuzi makubwa kwa kazi isiyogawa vifaa vya bure. Tena mtu aliyechimba choo chake kwa jembe lake hakigeuzi banda la kuku, jambo lililovikuta vyoo vingi vya msaada.

Lakini utafiti huohuo haukuona nafuu ya kueleweka katika afya ya watoto. Magharibi mwa Kenya, matokeo yaliyotolewa 2018 yalionyesha kwamba vyoo bora havikupunguza kuhara wala kuongeza kimo cha watoto. Mali, katika vijiji 121, kuhara hakukupungua ila watoto walirefuka kidogo kuliko wenzao. Na shirika la Plan International liliporudi kwenye vijiji vya Uganda, Kenya, Ethiopia na Sierra Leone vilivyokwisha kutangazwa kuwa havina mtu anayejisaidia ovyo, taarifa yake ya 2013 ilisema kaya 87 katika kila 100 bado zilikuwa na choo. Ila walipopima kwa vigezo vyote, yaani usafi, kifuniko, maji na sabuni ya kunawa, 92 katika kila 100 zilianguka. Shimo lilibaki, kibuyu chirizi cha kunawia mikono kikakauka.

Kuna na suala la aibu, ambalo watetezi hulipitia haraka mno. Aibu kijijini haigawanywi sawa. Mwenye vijana wa kumchimbia anaaibika wiki moja. Bibi anayeishi peke yake kwenye udongo wa kichanga unaobomoka anaaibika mpaka mtendaji amletee faini ya sheria ndogo. Kumwambia mtu huyo kwamba ruzuku humlemaza ni ukatili uliovikwa nadharia. Angepewa sakafu ya zege, mambo yaishe.

Hata hivyo, kwangu mimi ubishi wa ruzuku na aibu ni mdogo ukilinganisha na wa maji. Njia hii ilitungwa kwa ajili ya kinyesi kilichoko vichakani. Mafundi hukadiria lita 40 hadi 60 za uchafu kwa mtu kwa mwaka katika shimo kavu, hivyo kaya ya watu sita inaweza kukaa na shimo la mita tatu karibu miaka kumi. Likijaa, wanalifukia, wanapanda mgomba juu yake, wanachimba lingine. Hapo halihitaji kamati wala mhandisi.

Sasa bomba limefika. Penye bomba, choo cha kumwagia maji nacho hakichelewi, na bafu, na karo la kufulia. Shimo lililopangiwa miaka kumi linafurika masika mawili tu. Pwani ni vibaya zaidi, kwa sababu maji ya ardhini yako karibu. Kanuni inataka choo kiwe mita 30 kutoka kisimani, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Kwenye kiwanja cha hatua ishirini, chenye kisima cha jirani upande wa pili wa ua, kanuni hiyo haitimizwi na kaya moja hata ichefuliwe mara ngapi.

Ufundi wa kusafisha majitaka kwa pamoja upo, na hauhitaji umeme. Maji hutulia kwenye chemba, hupita vyumba kadhaa ambamo vijidudu hula uchafu, kisha huchujwa taratibu kwenye bwawa la changarawe lililopandwa matete. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walijenga mabwawa ya namna hiyo, likiwemo la Shule ya Sekondari Ruaha, Iringa. Lakini shule ina mkuu, bajeti na bomba moja la kutolea maji. Kijiji kina nyumba zilizotawanyika, na changarawe huziba, na tope la chemba hutaka kuondolewa kila baada ya miaka michache. Tope hilo lina mayai ya minyoo. Likipelekwa shambani kabla ya kuhifadhiwa mwaka mmoja na zaidi, kijiji kimejirudishia ugonjwa.

Nani atalizoa? Wengi watajibu kamati, kama ilivyo kwa maji safi. Mfano huo haufariji: makadirio ya 2009 yalisema zaidi ya theluthi moja ya pampu za mkono kusini mwa Sahara zilikuwa hazifanyi kazi. Na pampu ina faida moja ambayo majitaka hayana. Ikiharibika, wenye kiu ni haohao walioshindwa kuchanga. Bwawa la matete likiziba, uchafu unashuka mtoni, na anayeumwa ni wa kijiji cha chini ambaye hakualikwa mkutanoni. Kamati ya kijiji haiwezi kuachiwa peke yake dhamana ya madhara yanayompata mtu asiye na kura ndani yake.

Serikali nayo haijajionyesha kuwa mkombozi; anayesubiri gari la kunyonya lipande barabara ya kijijini wakati wa masika atasubiri sana. Ila chombo kipo. Sheria ya Tanzania ya huduma za maji ya 2019 iliunda RUWASA, wakala wa maji na usafi wa mazingira vijijini, na kuvitambua vyombo vya jamii vinavyokusanya fedha za maji. Vyombo hivyo vingepewa majitaka pia: wanakijiji wachague eneo, wachimbe, wasimamie; RUWASA na halmashauri wabebe uzoaji wa tope na upimaji wa maji yanayotoka. Pingamizi kubwa ni bei, kwani ukipandisha ndoo hata kidogo kuna mama atakayerudi mtoni. Basi tozo iwekwe kwa wenye bomba ndani ya nyumba peke yao, maana ndio wenye choo cha kumwagia maji, na anayebeba ndoo kichwani aachwe alipe kama alivyokuwa akilipa.