Miezi 36 kabla ya ulemavu

Jirani yangu hapa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, ana bahasha ya kaki anayoiweka chini ya godoro. Mna kadi yake ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na karatasi za mshahara za kiwanda alichofanyia kazi miaka tisa, mpaka korona ya 2020 ilipowarudisha watu nyumbani. Michango 108, hakuna mwezi uliorukwa. Baada ya hapo akawa mtu wa mjengo: leo Syokimau, kesho Ruaka, jioni analipwa mkononi. Mwaka 2024 kiharusi kilimpata akiwa nyumbani, na mkono wa kulia haujarudi.

Sheria ya NSSF ya 2013 inampa pensheni mwanachama ambaye ulemavu umemfanya asiweze tena kufanya kazi. Sharti ni awe amechangia angalau miezi 36 inayotangulia moja kwa moja siku ya ulemavu huo. Jirani yangu ana mara tatu ya miezi hiyo, ila yake iko nyuma mno. Kijana aliyeajiriwa miaka mitatu tu iliyopita anahesabiwa, yeye hahesabiwi.

Wanaotetea sharti hili wana hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Mfuko huu ni jasho la wanachama. Mlango ukiachwa wazi, mtu atasubiri mpaka daktari amwambie habari mbaya ndipo aanze kuchanga, na anayekatwa kila mwezi atakuwa anambeba asiyekatwa. Tena vibarua hawajafungiwa nje: kwa mpango wa NSSF uitwao Haba Haba mtu anaweza kuweka shilingi 25 kwa siku. Hata Marekani, bima ya ulemavu kwa kawaida humtaka mtu mzima awe amefanya kazi na kulipa kodi yake kwa jumla ya miaka mitano katika kumi iliyopita.

Lakini Wamarekani wana mlango wa pili kwa maskini asiye na historia hiyo. Sisi tuna Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa pesa wasiojiweza, na hapo ndipo mambo yanapobana. Haiulizi ulifanya kazi wapi, ila shilingi 2,000 kwa mwezi ni za kaya maskini yenye mtu mwenye ulemavu mkali anayehitaji kuangaliwa muda wote, na isiyo na mtu wa mshahara wala pensheni. Jirani yangu anajilisha kwa mkono wa kushoto, na binti yake ameajiriwa dukani. Kwa mlango mmoja ameonekana hana kazi ya kutosha. Kwa mwingine, hana dhiki ya kutosha.

Kama angeanguka kutoka ghorofa aliyokuwa akijenga, sheria ya fidia ya wafanyakazi ya 2007 ingemdai mwajiri wake mpaka mishahara ya miezi 96 kwa ulemavu wa kudumu usiomwachia uwezo wowote wa kazi, bila kuuliza amekuwa hapo siku ngapi. Kiharusi cha nyumbani hakina mwajiri.

Akiba yake anaweza kuidai, ndiyo. Enzi zile ilikuwa shilingi 200 zake na 200 za mwajiri kila mwezi, yaani 43,200 kwa miaka tisa, pamoja na riba. Hiyo si pensheni. Ni pesa yake mwenyewe, na kodi ya nyumba na madaktari wa viungo wataimaliza haraka.

Mimi naona miezi 36 yenyewe haina ubaya, inazuia ujanja. Kinachoumiza ni yale maneno "moja kwa moja", yaliyoandikwa kana kwamba kila Mkenya ana ajira isiyokatika, ilhali zaidi ya asilimia 80 ya kazi nchini ziko jua kali, yaani si ajira rasmi. Kifungu cha 43 cha Katiba kinaiagiza serikali impe hifadhi ya jamii asiyeweza kujikimu. Bunge linaweza kuanza na kifungu kimoja: ihesabiwe michango yote ya maisha ya mtu, na anayefikisha, tuseme, michango 60 apate pensheni inayolingana na alichochanga, hata kama mchango wa mwisho ni wa zamani. Ujanja wa dakika za mwisho bado ungezuiwa, na ile bahasha ya kaki ingekuwa na thamani mezani.