Lubugo Ipo Ukutani, Mikono Iko Wapi?

Jumamosi nilimpeleka mwanangu, yuko darasa la nne, kuona nguo za kale katika jumba moja la makumbusho hapa Kampala. Tukasimama mbele ya lubugo, ile nguo ya gome la mti ya Waganda, iliyotandazwa nyuma ya kioo. Chini yake karatasi yenye mistari mitatu: jina la mti, jina la kabila, na matumizi, yaani sherehe na mazishi. Akasoma, akanitazama. "Mama, hii ni nguo ya wafu?" Akarudi nyuma hatua moja.

Hatua ile imeninyima usingizi siku nne sasa. Mtoto hana kosa, alisoma alichoandikiwa. Nakasirika kwa sababu hapakuwa na chochote pale cha kumvuta asogee mbele.

Tukumbuke UNESCO walisifu nini walipoitangaza lubugo ya Buganda mwaka 2005, wakaiingiza kwenye orodha ya urithi usioshikika mwaka 2008. Walisifu kazi ya kuitengeneza. Usioshikika! Kinachohesabika ni ujuzi ulio mikononi mwa mafundi, wale bakomazi, wagongaji gome, wa ukoo wa Ngonge na wanafunzi wao. Sasa ukining'iniza nguo peke yake, bila fundi, bila nyundo, bila sauti, umeonyesha ganda ukaacha kiini.

Nimewahi kukaa na mkomazi mmoja huko Mawokota asubuhi nzima, msimu wa mvua, maana ndipo gome linapoachia vizuri. Kwanza aliukwangua mti wa mutuba, unaotoa gome hilo, ngozi ya nje. Akakata duara juu na duara chini, akapasua katikati, kisha akalibandua gome polepole kwa kipande cha mgomba, kama mtu anayemvua mtoto mgonjwa shati. Kabla hajaondoka akaufunga mti kwa majani ya mgomba ili upone. Mti uleule utavunwa tena, na tena, miaka mingi. Baadaye, chini ya banda lake, akaanza kuligonga kwa nyundo za mbao zenye mifereji, ya mifereji mipana kwanza, ya mifereji myembamba mwisho. Gome likawa linatanuka mbele ya macho yangu. Lilikuwa na rangi hafifu, na jua ndilo lililolitia ule wekundu wa udongo tunaoujua. Sauti ya nyundo ilikuwa inasikika mpaka barabarani. Mwanangu angeisikia sauti ile, asingerudi nyuma. Angeomba nyundo.

Na hapo ndipo ninapomkumbuka marehemu baba. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Walukuba, Jinja. Majirani zetu walikuwa Wasoga, Waluo, Wasamia, Waalur, ndiyo maana hadi leo naota kwa Kiswahili. Baba alikuwa kwenye mashine za kufuma katika kiwanda cha nguo cha Nyanza, Nytil, kilichokuja enzi zile Malkia Elizabeth alipofungua bwawa la Owen Falls, mwaka 1954. Umeme wa Nile, pamba ya wakulima wetu, kitambaa cha Jinja. Hata Nairobi mafundi cherehani bado wanaagiza "jinja" dukani. Ni jumba gani la makumbusho linalowaambia watoto wetu jina hilo lilitoka wapi, na kwamba lilitoka kwa watu wa zamu ya usiku?

Baba alikufa masikio yake yameziba kwa kelele za mashine. Nyumbani tulizoea kuongea naye tukimtazama usoni ili asome midomo yetu. Alichotuachia ni kile kipande cha mti chenye ncha za chuma, kinachopita na uzi wa mshindio, ule wa upana, katikati ya mtande, zile nyuzi za urefu. Upande mmoja mti umelika, una shimo dogo laini, na kidole gumba changu kinaingia mle kikakaa sawasawa. Mle ndimo kilipokaa kidole chake.

Nakubali, kioo kina sababu. Lubugo huliwa na wadudu, unyevu huiharibu, na mikono ya wageni mia kwa siku ingeimaliza. Sawa. Basi wekeni kipande kimoja cha kushikwa, mkibadilishe kikichakaa. Mikono ya kutengeneza kingine ipo. Mwiteni mkomazi hata Jumamosi moja kwa mwezi, na mumlipe kama fundi. Gomesi, gauni la heshima la wanawake wetu, nayo isimuliwe pamoja na cherehani iliyoishona, maana jina lenyewe ni la fundi, Gomes, Mgoa, yaani mtu wa asili ya Goa, India.

Jinja nayo inastahili jumba lake la nguo. Waliofuma miaka ya sitini wamebaki wachache, na kila mwezi tunazika.

Tuliporudi nyumbani nilimpa mwanangu kile kipande cha mti. Alikishika muda mrefu, akakisukuma mezani huku na huku, kisha akauliza, "Babu alikuwa anatumia mkono upi?" Sikujua. Nilimpigia dada yangu mkubwa, naye hakujua.

Kama mzazi wako alifanya kazi kiwandani pale na bado yupo, nenda kwake leo jioni ukamwulize mashine yake ilikuwa inaliaje, na nani alimfundisha kuunga uzi uliokatika. Andika anavyosema, kwa maneno yake.