Bergen: Mvua Nimeizoea, Giza Bado

Nikisema nafanyia kazi Bergen, pwani ya magharibi ya Norwei, watu hunipa pole za mvua. Nazipokea, lakini si huko panaponiuma. Nimekulia Tukuyu. Nguo kuanikwa wiki nzima na zisikauke, hilo nalijua tangu utotoni.

Kunyesha kunanyesha, zaidi ya milimita 2,200 kwa mwaka. Pepo za Atlantiki hufika zimebeba maji, hukutana na milima inayouzunguka mji, hupanda, hupoa, na mzigo wote humwagwa hapo hapo. Kuanzia mwisho wa Oktoba 2006 hadi Januari 2007 ilinyesha siku 85 mfululizo. Ila si ile ya Tukuyu ya kupiga bati mpaka msisikilizane. Mara nyingi ni manyunyu, tena ya ubavuni, kwa sababu ya upepo. Mwavuli wangu wa kwanza ulidumu siku mbili. Niliuacha kwenye pipa la taka kituo cha basi, juu ya wenzake wawili. Siku hizi navaa koti la mvua, na soksi zinashinda juu ya hita.

Kwa anayeshinda na kompyuta nyumbani, mvua hiyo ni neema. Nje hakukuiti, na kazi inakwenda. Baridi nayo si ya kutisha kama wanavyodhani walioko nyumbani: mkondo wa bahari wenye joto unaufanya wastani wa Januari uwe nyuzi 2 hivi juu ya sifuri, ingawa mji uko nyuzi 60 kaskazini mwa ikweta.

Kinachomla mtu ni giza. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza kama saa nne kasorobo asubuhi, na saa tisa unusu alasiri limeshazama. Wateja wangu wako Dar, ambao majira hayo wametutangulia saa mbili. Wakifungua ofisi saa mbili asubuhi, kwangu ni saa kumi na mbili, na macheo bado yako mbali. Saa zetu za Kiswahili, zinazohesabiwa kwa kuchwa na kucha, huku zinageuka mzaha. Siku moja kikaoni, saa nne asubuhi ya Dar, mwenzangu aliona dirisha jeusi nyuma yangu akauliza, "Kaka, mbona unakesha?" Nilikuwa nimeshakunywa chai!

Juni ni kinyume chake. Saa nne usiku jua lipo, watu wanapanda mlima Fløyen baada ya kazi, nami (nakiri) ndipo ninapochelewesha kazi za watu.

Anayetaka kujaribu aje Mei, mvua inapopungua kidogo, akae hadi Septemba. Akiamua kuingia Novemba, kabla ya koti anunue taa ya mezani, ile kali, aiweke mbele ya uso. Mimi nilianza na koti.