Kabla hamjaisambaza zaidi ile klipu

Naona ile klipu ya sauti ya redio imeshafika kila mahali, kwa hiyo tusizungushane. Ndiyo, sauti ni yangu. Ndiyo, kapteni anayehojiwa na mwandishi anayemhoji ni mtu mmoja. Lakini yale maandishi ambayo jamaa yangu ameyabandika chini ya klipu, eti "hapa mkuu analia", ni uzushi mtupu. Sikulia. Nilikuwa na mafua tangu tulipoondoka Iqaluit, kule kaskazini mwa Kanada. Na kuna sentensi nyingine humo ambayo sikuisema kabisa, nitaifikia, mnivumilie.

Kwa mliojiunga juzi: mimi na huyu jamaa tunaizunguka dunia kwa simuleta, yaani programu ya kompyuta ya kuigiza urubani, kila mtu na Cessna 172 yake, ndege ndogo ya injini moja, kwa saa halisi, bila kuharakisha muda. Msiniulize kwa nini, nyumbani nimeshaulizwa vya kutosha. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, linamtaka anayedai rekodi ya kuzunguka dunia awe ameruka zaidi ya kilomita 36,787, ambao ndio urefu wa Tropiki ya Kansa. Jamaa hajawahi kufuata kanuni yoyote maishani mwake, lakini hiyo aliishikilia. Kwa ndege inayokwenda kilomita 220 kwa saa ikiwa na afya njema, fanyeni hesabu wenyewe. Ni zaidi ya saa 160 za kutazama mawingu. Mtu akikaa na mawingu kiasi hicho huanza kuongea peke yake. Huo ndio utetezi wangu wa kwanza.

Utetezi wa pili ni redio. Tunaruka tukiwa tumeunganishwa kwenye mtandao wenye waongoza ndege wa kujitolea, watu wazima wenye kazi zao, ambao jioni wanakaa na kukupangia zamu ya kutua kwa upole kabisa. Ukibonyeza kitufe cha kuongea, kila aliye kwenye masafa yale anakusikia. Na kama ilivyo kwenye redio za ndege za kweli, anaposema mmoja wengine wote wamezibwa. Wakijaribu kuingilia unatoka mlio tu. Kitufe changu ni Ctrl ya kulia. Mimi ni mtu wa ramani za karatasi, na nina atlasi moja kubwa ya jalada gumu. Siku hiyo niliiweka ukingoni mwa kibodi, upande wa kulia.

Mnaona tunakoelekea.

Tulikuwa tumetoka Nuuk, tunakwenda Narsarsuaq, kusini mwa Greenland. Hapo lazima nisimame kidogo, maana mahali penyewe panastahili. Wamarekani walijenga uwanja ule mwaka 1941, wakati wa vita, wakauita Bluie West One, ili ndege zinazokwenda Ulaya zipate pa kujaza mafuta. Uko ndani kabisa ya fiodi ya Tunulliarfik, mkono mwembamba wa bahari uliobanwa na milima pande zote mbili. Mawingu yakiwa chini unaingia humo ukiruka juu ya maji, vilima vya barafu vinaelea chini yako, kila kona inafanana na iliyopita, na ukikosea ukaingia fiodi ya jirani unakutana na ukuta wa mwamba. Njia ya kutua ina mita 1,830, inaanzia karibu na maji na kupanda kuelekea bara. Kwa sisi wa simuleta, kutua pale ni cheti. Nilikuwa nimeusubiri huo wakati tangu tunachora njia.

Basi nimeingia kwenye fiodi. Jamaa yuko nyuma yangu, kilomita kadhaa. Mwongoza ndege ameshanisomea upepo na mgandamizo wa hewa. Nikaisukuma atlasi kidogo ili nipate nafasi ya kiwiko, na redio ikanyamaza.

Kabla ya hapo masafa yalikuwa na shughuli. Mmoja alikuwa anaomba kushuka Kangerlussuaq, uwanja mwingine wa Greenland, mwingine ameuliza hali ya barafu mabawani. Ghafla, kimya. Na mimi, nawaapia, nilifikiri wamenyamaza kwa heshima. Wameona kwenye rada kwamba kuna mtu yuko ndani ya Tunulliarfik na mawingu yako chini, wakaamua kumwachia nafasi.

Nikaguswa. Nikakohoa kidogo, nikaanza.

"Mabibi na mabwana, huyu ni kapteni wenu." Cessna 172 ina viti vinne, vitatu vilikuwa vitupu na cha nne nilikikalia mimi. "Upande wa kushoto mnaiona milima. Upande wa kulia pia. Msiwe na wasiwasi, mko mikononi mwa mtu." Kisha nikabadilisha sauti, nikawa mhudumu wa ndege, nikawaomba wafunge mikanda. Kisha, Mungu anisamehe, nikawa mwandishi wa habari.

Hapo ndipo klipu inapoanza. Alichokata jamaa ni ile sehemu ya mhudumu, nadhani kwa huruma.

"Kapteni, ulijisikiaje ulipoiona Greenland kwa mara ya kwanza?"

"Mimi? Greenland ndiyo iliyoniona mimi."

"Vijana wanaotaka kuwa kama wewe, unawaambia nini?"

"Waanze mapema. Na bado hawatafika."

"Mwongoza ndege alikusaidia?"

"Alijitahidi. Anasoma hali ya hewa kama anayesoma wosia, lakini alijitahidi."

"Na mwenzako anayekufuata nyuma?"

Hapa nilishusha pumzi ndefu. Mnaisikia kwenye klipu, ile pumzi. Nikasema, na sasa ninanukuu nilichokisema kweli: "Kijana ana moyo. Kipaji ni suala jingine. Ningemshauri auze ndege anunue baiskeli, ila nawahurumia watembea kwa miguu."

Nikacheka mwenyewe. Nikateremsha flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa vya kupunguzia kasi. Kasi noti 65, kama kilomita 120 kwa saa, mambo safi, kona ya mwisho imepita na taa za uwanja zinaanza kuonekana mbele. "Na ukishatua, kapteni, jambo la kwanza utakalofanya?" "Nitabusu lami." Nikaivuta pembeni picha ya ramani iliyokuwa imefunika kona ya skrini, nione kimo cha uwanja, na chini yake likatokea dirisha la ujumbe.

Sasa twende polepole.

Ujumbe wa juu kabisa ulitoka kwa mwongoza ndege, kwa adabu zote: maikrofoni yako imebaki wazi. Nikasoma, nikajiambia kuna mtu hapa ana aibu yake leo, pole zake. Ujumbe wa pili, uleule. Wa tatu ulikuwa na namba ya ndege. Niliisoma ile namba ya ndege herufi moja baada ya nyingine, kama vile ningeisoma taratibu ingegeuka kuwa ya mtu mwingine. Haikugeuka.

Kisha rubani nisiyemjua: "Huyu anasema nini?"

Rubani mwingine: "Sijui, lakini anasema kwa hisia."

Hebu fikirini. Masafa mazima yamejaa watu wasiojua neno moja la Kiswahili. Nilikuwa salama! Ningeweza kusoma hapo shairi zima la kujisifu na kesho yake tukasalimiana vizuri. Alikuwepo mtu mmoja tu, kwenye anga yote ya Greenland, aliyeweza kuniangamiza, na ujumbe uliofuata ulikuwa wake:

"Niachieni mimi. Nitawafasiria."

Na akafasiri. Abiria. Mikanda. Greenland ndiyo iliyoniona. Mstari kwa mstari, na saa ya kila mstari pembeni, kama kumbukumbu za mahakama. Ile ya wosia aliipeleka bila kupunguza hata nukta, na mwongoza ndege akajibu: "Nimepokea." Neno hilo moja tu. Bora angenitukana.

Halafu nikafika kwenye jibu langu kuhusu mwenzangu. Jamaa ameandika, na hii ndiyo sentensi niliyowaambia sikuisema: "Hapa anasema mwenzake ndiye rubani bora aliyewahi kumwona, na kwamba bila yeye asingefika popote." Chini yake watu wa mataifa mbalimbali wanampongeza. Na yeye anawajibu asanteni, mkuu huwa anatia chumvi.

Nikasahau kwamba niko hewani. Nilikuwa nasoma zile pongezi mdomo wazi huku kasi ikishuka noti 60, 55, 50, na pua ya ndege ikipanda kwa sababu mkono wangu wa kushoto ulikuwa unauvuta usukani kwa hasira. Ndipo honi ikaanza kulia, ile ya kukuonya kwamba mabawa yanakaribia kuacha kubeba.

Kila mwanafunzi wa urubani hufundishwa mambo matatu kwa mpangilio: kwanza rusha ndege, pili jua uko wapi, tatu ndiyo uongee na watu. Nilikuwa na mkono mmoja ulio huru. Mbele yake kulikuwa na vitu viwili: kipini cha nguvu za injini, ambacho kingeniokoa maisha, na atlasi, ambayo ingeniokoa heshima.

Nikainua atlasi.

Redio ikafunguka na watu wote wakaongea kwa pamoja. Sauti za kiume na za kike, lafudhi za kila namna, mmoja anacheka hadi anakohoa, mwingine anaita "kapteni, kapteni", mwingine bado anaomba kushuka Kangerlussuaq maskini wa Mungu. Nikabonyeza kitufe, safari hii kwa hiari yangu, ili niseme neno la heshima litakalorudisha kila kitu mahali pake. Mafua yakanikaba. Kilichotoka ni ile "hhhnngh" mnayoisikia mwishoni. Narudia: ni mafua. Wakati huohuo bawa la kushoto likalala, njia ya kutua ikapanda juu na kutoweka kwenye kioo, na nikayaona maji ya Tunulliarfik kwa ukaribu ambao nawahakikishia yametengenezwa vizuri sana, mpaka mawimbi madogo yana mng'ao wake.

Lami sikuibusu. Barafu, sina uhakika.

Mengine mnayajua au mtayasikia. Jamaa alitua, tena vizuri, ananiudhi hata kwa hilo. Rubani mmoja alizunguka juu ya mahali nilipozama akiigiza timu ya uokoaji. Mwongoza ndege aliniandikia kwamba safari ijayo redio ikinisumbua niweke 7600 kwenye transponda, kile kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada, ndiyo namba ya redio iliyoharibika, nami nikamjibu kwamba redio yangu ilikuwa nzima kuliko kitu chochote mle ndani. Kwa sheria tuliyojiwekea, anayeanguka anarudi uwanja wa nyuma, kwa hiyo niko Nuuk. Jamaa ananisubiri Narsarsuaq, anasema hana haraka, watu wanamletea salamu.

Na kabla hamjaniandikia kwamba marubani wa kweli hawafanyi vituko: Jerrie Mock, mwanamke wa kwanza kuizunguka dunia peke yake kwa ndege, mwaka 1964, tena kwa Cessna 180, ndugu mkubwa wa hii yangu, alikuwa anakwenda Cairo akatua kimakosa kwenye uwanja wa jeshi la Misri. Akatoka hapo, akamaliza safari, jina lake limebaki kwenye historia. Tofauti yetu ni kwamba yeye aliruka peke yake kwelikweli. Hakuwa na jamaa nyuma.

Nimehamisha kitufe cha kuongea. Atlasi iko kabatini. Aliyeniandikia akiomba mahojiano, jibu ni hapana, na nimekuona umeuliza maswali yaleyale. Jana usiku nimewasilisha mpango mpya wa safari kutoka Nuuk, na kwenye sehemu ya maelezo nimeandika /t/, ambayo kwenye mtandao wetu ina maana kwamba rubani huyu atawasiliana kwa maandishi tu. Ukakubaliwa baada ya muda mfupi. Zamu ilikuwa ya mwongoza ndege yuleyule. Aliambatanisha upepo, mgandamizo wa hewa, na chini yake mstari mmoja: abiria wanauliza nani atawatangazia.