Neno "Nano" Halizuii Kutu

Jumapili nilifika kwa mama, Kayole, nikakuta geti linalia kutu. Michirizi myekundu imeshuka kutoka kwenye maungio yaliyochomelewa hadi kwenye saruji. Kule chini, ambako magari huyarusha maji ya barabarani, rangi imevimba malengelenge. Ukiigusa kwa ukucha inabanduka kama ganda la yai. Geti hilo lilipakwa kabla ya masika ya mwaka huu. Mama alinunua makopo mawili ya "rangi ya nano", yaani rangi inayodaiwa kuwa na chembe ndogo kupindukia, kwa bei inayokaribia maradufu ya rangi ya kawaida, kwa sababu muuzaji alimwambia: "Mama, hii ni nano. Hata msasa haihitaji. Paka juu ya kutu, usahau."

Pesa hizo zilikuwa za chama. Alizisubiri zamu yake ifike. Nimekasirika, na sioni sababu ya kulificha hilo.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba sayansi yenyewe ni ya kweli. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Toyota kule Japani walichanganya nailoni na udongo kidogo tu, usiofika sehemu 5 katika 100 kwa uzito. Nailoni tupu ilikuwa ikilegea chini ya mzigo kwenye nyuzi 65 hivi za joto. Ile yenye udongo ikavuka nyuzi 140. Ni udongo, wa jamii ileile ya vitu tunavyokanyaga! Siri ni kwamba kila bapa la udongo huo lina unene wa nanometa 1 hivi, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita, na upana wa mara mia au zaidi ya huo. Mabapa kama hayo yakitawanyika ndani ya rangi ya epoksi, ile inayokauka ikawa ngumu kama plastiki, na kulala sambamba, maji na oksijeni hukosa njia ya moja kwa moja ya kukifikia chuma. Hulazimika kuzunguka bapa baada ya bapa, kama mtu anayevuka Gikomba siku ya soko akiwa na gunia mgongoni. Atafika, ila atachelewa sana. Huko kuchelewa ndiko tunakonunua. Anayekuahidi kwamba kutu haitafika kamwe anakudanganya.

Chembe za silika, madini yaleyale ya mchanga, nazo hufanya rangi isikwaruzike ovyo. Zinki oksidi humeza miale ya urujuanimno, na kwa kuwa chembe zake ni ndogo mno, vanishi hubaki angavu. Kwetu hilo si jambo dogo: tuko karibu na ikweta na juu ya usawa wa bahari kwa karibu meta 1,700, na kila mwenye mlango wa mbao unaotazama mashariki anajua jua la Nairobi linafanya nini.

Lakini yote hayo yanategemea kutawanyika, na hapa ndipo watu wanaibiwa. Chembe ndogo namna hiyo hupenda kushikana. Umewahi kumwaga unga kwenye maji yanayochemka bila kuukoroga? Unapata madonge, makavu ndani, na hakuna mwiko utakaoyavunja baadaye. Nanochembe hufanya vivyo hivyo, na donge ndani ya rangi si kinga tena. Ni mahali ambapo ufa huanzia na maji hupitia. Ndiyo maana kiwanda makini hupaka chembe zenyewe kemikali za silani ili zipatane na polima, yaani ile plastiki inayoshikilia rangi, kisha husaga mchanganyiko kwenye mashine za nguvu au kuupitishia mawimbi ya sauti. Ndiyo maana pia kuongeza chembe kupita kiasi huharibu badala ya kuboresha. Kazi hiyo ni ghali. Kuchapisha neno "nano" kwenye kopo hakugharimu chochote.

Kopo moja la mama lilibaki na rangi nusu. Nilikoroga kwa kijiti, nikapata mashapo magumu chini; nikayasugua kati ya kidole na kipande cha kioo, yakakwaruza kama mchanga. Nakubali, rangi yoyote hutuama, na jaribio la kioo si maabara. Ila rangi nzuri hukorogeka ikarudi laini. Hii ilikataa.

Na hata kama ingekuwa bora kuliko zote, kupaka juu ya kutu iliyolegea ni kujenga juu ya majivu. Rangi hushika kutu, kutu inabanduka, vyote vinaanguka pamoja. Kumwambia mama wa watu asipige msasa ni kumnyima kinga pekee ambayo ilikuwa mikononi mwake.

Kwa mafundi neno moja: mkipiga msasa rangi za aina hii, vaeni barakoa ya kweli, si leso.

Ninachotaka kiandikwe kwenye kopo ni kifupi: chembe gani, kiasi gani kwa uzito, na chuma kilichopakwa rangi hiyo kilistahimili kwa saa ngapi jaribio la kunyunyiziwa maji ya chumvi maabarani. Kiwanda kilichofanya kazi yake kinazo nambari hizo tayari. Muuzaji akishindwa kuzionyesha, nunua redoksaidi ya kawaida, ile rangi nyekundu ya kutangulizwa kwenye chuma, na brashi ya waya, na pesa inayobaki mlipe fundi siku moja zaidi ya kukwangua.

Jumamosi naanza na maungio ya juu ya geti. Mama ameshaniwekea brashi mbili mlangoni.